Chai ya Kizamani Sumbawanga: Jamani, Ule Mkate wa Makaa!

Jamani, nimetoka kwa shangazi yangu sasa hivi, nguo bado zinanukia mkaa na iliki, na siwezi kutulia! Shangazi yangu wa Katandala, hapa hapa Sumbawanga, ametuandalia chai ya Krismasi ya kizamani. Ya kizamani kweli kweli, si ile ya kubandika picha za kale ukutani halafu watu wakanywa soda. Birika la bati limetoka stoo, redio ya mbao imefutwa vumbi, viti vimevishwa vitambaa vya kufuma, vyeupe pe, vimetiwa wanga hadi vimekakamaa. Na bado!

Unaijua Desemba yetu huku juu Ufipa: mvua inapiga mabati, ukungu umeshuka kutoka Milima ya Mbizi, vidole vimekufa ganzi. Sasa ingia ndani ushike kikombe cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa buluu, kimejaa chai ya maziwa ya majani ya kuchemsha, nzito, ya moto mno, tangawizi inakukwaruza koo na mdalasini unakuja nyuma yake kukubembeleza. Bati linaunguza midomo! Unapuliza, unavuta kwa sauti, unapuliza tena, na hakuna wa kukukodolea macho maana sebule nzima inavuta hivyo hivyo. Nilikuwa nimesahau kabisa raha ya chai inayounguza.

Halafu ukaja mkate. Ngoja nikae vizuri nikueleze.

Wazee wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, sukari ilipoadimika nchi nzima na watu wakapanga foleni kwenye maduka ya serikali ya RTC. Sikukuu haikusubiri sukari. Bibi yetu aliponda ndizi zilizoiva mpaka maganda yakawa meusi, akachanganya na unga wa mahindi na wa ulezi, ulezi wetu huu wa Ufipa, akatia asali ya porini, akamimina kwenye sufuria. Makaa chini, mfuniko, makaa juu. Basi! Shangazi ameufuata mkono wa mama yake hatua kwa hatua, na alipopangusa majivu akafunua ule mfuniko... weee! Mvuke ulitupiga usoni, mtamu, wa moshi-moshi, na watu wazima tukasogea karibu kama watoto. Ganda la pembeni ni gumu, jeusi kidogo, linalia likivunjwa. Ndani ni laini, unyevunyevu, ulezi unasagika taratibu kwenye ulimi, asali haikurukii ghafla, inakuja polepole na ikifika haiondoki. Kulikuwa na keki ya sukari na mayai pembeni, nzuri tu, imepambwa. Ilibaki nusu. Mkate wa shida uliisha mpaka makombo, na ninakwambia bila kusita: ni mtamu kuliko keki yoyote niliyokula mwaka huu!

Na bado! Ulikuja mgebuka mkavu kutoka Kasanga, kule Ziwa Tanganyika, umepashwa juu ya makaa yale yale. Samaki na chai? Hata mimi nilishangaa. Uma kipande chenye chumvi na moshi, shushia chai tamu, kisha njoo unishukuru. Viazi vitamu na karanga za kukaanga nazo zilipita, sikuziangalia mara mbili, roho ilikuwa kwa mgebuka.

Mjomba akaweka santuri. Ile krrr-krrr ya sindano kabla ya wimbo, jamani, ngozi ilinisisimka! Likaingia gitaa la Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, mabega ya akina mama yakaanza yenyewe, kikombe mkononi, chai haimwagiki. Walijifunzia wapi?

Lakini kilichonigusa zaidi ni sharti la shangazi: kila mgeni aje na kikombe cha kwao. Basi mezani pakawa na vya bati, vya udongo, kimoja hakina mkono, na kila kimoja kina mwenyewe na hadithi yake. Jirani mmoja alikishika cha marehemu mama yake kwa mikono miwili jioni nzima, hakukiweka chini hata mara moja. Hapo nikajua shughuli hii haihitaji fedha, inahitaji stoo ifunguliwe.

Watu husema jina Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Sawa, utupwe wote, ila wa lile birika nauomba ubaki!

Sasa wewe rafiki yangu, Mwaka Mpya huo unakuja. Mpigie bibi au shangazi leo, muulize ile sufuria ya mkate iko wapi na yeye alikuwa akitia nini. Na ndizi nunua leo hii, usingoje tarehe 31, maana zikiwa bado za njano mkate hautakubali.