Tungo za Kosovo Mikononi mwa Wachochezi

Asomaye fasihi ya Waserbia hukuta kwamba tungo zao mashuhuri zahusu vita ambavyo hawakushinda. Vilipiganwa katika uwanda wa Kosovo mwaka 1389, baina ya jeshi la mtawala wao Lazar na jeshi la Waturuki la Sultani Murad wa Kwanza. Wote wawili walikufa. Malenga wa vijijini waliziimba habari hizo kwa vizazi vingi, wakijipigia gusle, ala ya uzi mmoja iliyo jamaa ya zeze letu, hata katika karne ya 19 Vuk Karadžić akazikusanya na kuzipiga chapa.

Katika tungo hizo Lazar hupewa hiari ya kuchagua ufalme wa dunia au ufalme wa mbinguni. Huchagua wa mbinguni, akafa. Huo ni utungo wa msiba, na kwa kipimo cha sanaa ni kazi kubwa. Sioni kwa nini mwalimu aone haya kuufundisha. Nasi tunao Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728, usimuliao vita vya Waislamu na Warumi vya zaidi ya miaka elfu kabla yake, na twausoma kama sanaa.

Basi tuangalie jinsi tungo hizo zilivyotumiwa. Tarehe 28 Juni 1989, ilipotimia miaka 600 tangu vita vile, Slobodan Milošević, Rais wa Serbia, alisimama Kosovo mbele ya umati mkubwa, akasema kwamba wamo tena katika mapambano, na kwamba mapambano ya silaha, ijapokuwa hayajatokea, si jambo la kuondolewa katika fikira. Hivyo Lazar aliyeuacha ufalme wa dunia akafanywa shahidi wa kudai ardhi! Maana ya utungo imepinduliwa miguu juu.

Tena wachochezi huficha. Stefan, mwana wa Lazar mwenyewe, alimtumikia Sultani Bayezid, mwana wa Murad, akampigania huko Nicopolis mwaka 1396 na Ankara mwaka 1402; na Olivera, dada yake Stefan, aliolewa na Sultani huyo. Aidha, siku ya Kosovo walikuwamo upande wa Lazar askari waliotoka Bosnia. Mambo haya yakitajwa, mpaka baina ya "sisi" na "wao" hauchoreki kwa urahisi.

Mwezi Julai 1995 Jenerali Ratko Mladić aliingia Srebrenica, huko Bosnia, akatamka mbele ya kamera kwamba wakati wa kulipiza kisasi kwa Waturuki umewadia. Waturuki gani? Waliouawa siku zilizofuata, wanaume na wavulana wapatao 8,000, walikuwa Waislamu wa Bosnia, waliosema lugha iliyofahamika barabara na wauaji wao.

Kiongozi wa Waserbia wa Bosnia wakati huo, Radovan Karadžić, alikuwa mshairi mwenye diwani zilizopigwa chapa. Mahakama ya kimataifa ilimtia hatiani mwaka 2016 kwa mauaji ya halaiki ya Srebrenica, na mwaka 2019 akapewa kifungo cha maisha. Sisi watunzi hatupendi kumhesabu miongoni mwetu, lakini yumo.