Neno "Thim" katika Tamthilia ya Ebrahim Hussein

Wahakiki, wamtajapo Ebrahim Hussein, mara nyingi huanza na Kinjeketile (1969) na kuishia papo hapo. Desturi hiyo haimtendei haki. Mzaliwa huyu wa Kilwa (1943), aliyefundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kupata udaktari Berlin Mashariki, aliendelea na Mashetani (1971), Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976) na Arusi (1980). Lakini ni Kwenye Ukingo wa Thim (1988) iliyomfikisha katika nchi ya Ziwa Viktoria.

Chimbuko lake lajulikana. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi mwezi Desemba 1986. Mjane wake Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Baada ya miezi mitano ya mabishano ukoo ulishinda. Katika tamthilia, mjane ni Martha, na marehemu ni Herbert.

Thim si Kiswahili. Ni Kijaluo, na maana yake ni pori, mahali pasipo makao ya watu. Msomaji wa Usenge hahitaji kuelezwa. Wa Kilwa atauliza. Hussein angeweza kuandika nyika au mwitu, naye hakuandika. Kinyume cha thim ni dala, yaani boma la mtu kwao, na hoja ya ukoo mahakamani ilikuwa kwamba nyumba ya Nairobi, hata ikipendeza vipi, ni nyumba tu. Kwa mantiki hiyo mji ndio pori. Kwa Martha ni kinyume: pori ni hao jamaa wanaomnyang'anya maiti ya mume aliyeishi naye. Jina la mchezo labeba maana zote mbili, jambo ambalo "nyika" lisingeweza.

Hata hivyo, huruma ya mwandishi iko kwa Martha, na hapo mtazamaji wa mwambao wa ziwa ana haki ya kunung'unika. Kwake yeye, kuzikwa nje ya dala si suala la kiburi cha wazee, bali ni kutupwa. Hofu hiyo ilistahili kupewa kinywa chenye nguvu sawa na cha Martha. Hussein aliliweza hilo zamani: Kinjeketile alilemewa na neno alilolitoa mwenyewe, na mtazamaji akamwelewa yeye pamoja na waliomwamini.