Uhakiki wa Sitiari ya Askari katika Maelezo ya Vifo vya Seli za Kinga na Pumu ya Mzio

Uhakiki huu unachunguza sitiari ya "askari wa mwili", ambayo maandishi ya afya ya Kiswahili huitumia kueleza seli nyeupe za damu. Sitiari hiyo hufaa pale adui anapokuwa vijidudu. Katika pumu itokanayo na mzio, hupotosha. Humfanya msomaji aamini kwamba askari akifa, mwili umeshindwa. Hali halisi ni kinyume chake. Seli ziitwazo eosinofili hujazana katika njia za hewa, na protini ya interleukini-5 huzichelewesha kufa. Kadiri zinavyoishi, ndivyo uvimbe unavyodumu. Dawa za steroidi hutuliza pumu, kwa sehemu, kwa kuziharakisha kufa.

Aidha, namna ya kufa ina uzito wake. Mwaka 1972, Kerr, Wyllie na Currie walikiita kifo cha utaratibu apoptosisi, neno la Kigiriki lenye taswira ya majani yanayopukutika. Seli ifayo hivyo humezwa na nyingine bila ghasia. Eosinofili inayopasuka, kwa upande wake, humwaga yaliyomo, na protini yake ya galektini-10 huganda kuwa fuwele za Charcot-Leyden, ambazo huchochea uvimbe upya.

Kwa hiyo, taswira ya kupukutika inafaa kuliko ya vita. Mgonjwa anayeambiwa kwamba askari wake wameshindwa hutafuta cha kuwaongezea nguvu, ilhali anachohitaji ni dawa ya kuwatuliza, aitumie hata siku asizobanwa na kifua.