Mhuri Uliofutwa kwa Grainda

Wote mliohudhuria makutano yetu ya mwisho ya wapenda visu pale Embu mlikiona kisu cha kukunja cha mwenyeji wetu kikipokewa mkono kwa mkono, kinameta hata kuumiza macho, na wengi wenu mkakisifu. Nami, ambaye kwa ajili ya taadhima ya mwenyeji sikutaka kumtahayarisha mbele ya wageni wake, leo natoa hukumu yangu bila kificho: kisu kile kimeharibiwa, na aliyekiharibu ni mwenyewe, kwa fedha zake na kwa mapenzi yake.

Insafu yanitaka niyataje kwanza yaliyo mema. Mpini wa pembe haukuguswa, ribiti zimekazwa vizuri, na springi ya mgongoni inabana na kulia kama itakiwavyo.

Sasa tuje kwenye msiba wenyewe. Kengee kubwa ya kisu kile, kabla ya kupelekwa kwa fundi wa kuchomelea vyuma, ilikuwa imevaa ile rangi ya kijivu iingiayo samawati, ambayo feleji ya zamani isiyo na kromu hujivika yenyewe kwa miaka mingi ya kukata matunda, nyama na kamba, na ambayo, mbali na ile kutu nyekundu ilayo chuma, huikinga kengee na kutu hiyo. Chini yake, juu ya msuka, palikuwa na taji, herufi V na R, na jina la Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield. Nyumba hiyo, ambayo alama yake ya nyota na msalaba wa Malta iliandikishwa 1764, ilipewa mwaka 1822 heshima ya kumfulia visu mfalme wa Uingereza, ikawa ikigonga misukani herufi za mtawala aliye kitini. Na kwa kuwa Malkia Victoria alifariki 1901, herufi mbili zile zilitosha kuwa ithibati kwamba kisu kilifuliwa kabla ya mwaka huo. Huo ndio mhuri aliouona fundi kuwa ni uchafu, akaufuta kwa grainda. Jina limebaki kivuli, taji limekwenda, na ya V na R hakuna ajuaye ila sisi tuliokishika zamani.

Wala si mhuri peke yake. Gurudumu la umeme, lizungukalo maelfu ya mara kwa dakika moja, lilitiwa kwenye kengee kavu bila tone la maji, na kwa kuwa makali ndiyo sehemu nyembamba kupita zote, joto halikuwa na pa kukimbilia. Feleji ya namna ile, ikisha kupashwa moto hadi kuwa nyekundu na kuzamishwa, hurudishwa motoni kwa upole mpaka digrii 200 na kitu, ikapata rangi ya nyasi kavu, ndipo ikawa ngumu bila kuvunjika. Ikizidishiwa huingia kahawia, kisha zambarau, na ikifika samawati, karibu na digrii 300, ugumu wa makali umekwisha kuondoka. Mstari mwembamba wa samawati hiyo ungali upo karibu na ncha, mahali ambapo msasa wa mwisho haukufika, tazameni tena. Mwenyewe aliikata karatasi mbele yetu, mkapiga makofi! Karatasi hukatwa hata kwa kipande cha bati. Angalichonga mti mkavu kwa robo saa, mngaliyaona makali yakijikunja.

Nimekwisha kusema, hata nimewachosha watu, kwamba kisu kisilazwe ndani ya ala ya ngozi, maana dawa za ngozi huleta kutu na kuigeuza shaba kuwa kijani. Kwamba gundi isitiwe mahali pa ribiti. Na kwamba Okapi isidharauliwe, kisu kilichoanza kufuliwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902 kwa soko la makoloni ya Afrika, na ambacho tangu 1988 hutengenezwa Afrika Kusini, eti kwa kuwa bei yake ni ndogo na mpini wake ni wa mti wenye nyota na miezi. Mwenye Okapi, angalau, hakioni kisu chake kuwa kinahitaji kung'arishwa.

Wahunzi wa zamani wa pande hizi za Mlima Kenya, waliofua sime kwa moto wa makaa na viriba vya ngozi, hawakuwa na umeme, na hiyo ilikuwa rehema, kwani kinoo cha jiwe na maji hakiunguzi makali. Marehemu mzee mmoja wa Ishiara, aliyetunolea visu wengi wetu, hakujua kusoma, walakini kabla hajalowesha kinoo alikuwa akiigeuza kengee upande wa maandishi na kuuliza, "Haya ni ya nani?" na penye maandishi kinoo chake hakikupita. Kisu cha askari wa King's African Rifles (KAR) kilichorudi kutoka vita vya Burma, chenye sindano ya kufumulia kamba, ambacho mwenzetu wa Nkubu anacho, kilipita mikononi mwa mzee yule, na hadi leo alama ya mshale ya mali ya serikali na mwaka wake husomeka bila miwani.

Fauka ya hayo, lawama si ya mtu mmoja. Sisi tunaoifuata barabara ya Embu na Meru, tukivuka mto Thuci kwenda kunywa chai kwa rafiki na kukunjua visu juu ya meza yake, tumezoea kuazimana bila hati wala shahidi, na wafu wetu wametuachia visu vyao badala ya kuwaachia wachuuzi, walakini hatukuzoea kuonyana. Mwenzetu aliitangaza mapema azma yake ya kuking'arisha kisu, katika soko la Gakoromone, mbele ya wajuzi watatu. Mmoja alicheka, mmoja akamsifia fundi, wa tatu akauliza bei. Mimi sikuwapo. Adabu ya namna hiyo, ya kumwacha rafiki aangamize tunu yake ili asikasirike, ndiyo niionayo kuwa mbaya kuliko grainda.

Wala serikali haitatusaidia. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 huulinda mlango wa nakshi wa Lamu uliochongwa kabla ya 1946, na huhesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa nchini kabla ya 1895. Kisu chetu, ambacho yamkini kiliingia baada ya boma la Embu kusimamishwa 1906 au lile la Meru 1908, hakina mlinzi ila mfuko wa mwenyewe.

Kwa kisu kile, dawa iliyobaki ni kinoo na maji, kukila chuma kilicholainika polepole mpaka kilicho kigumu kifikiwe, na kengee itapungua upana. Kwa wengine wote, nawasihi: mwenye kisu ambacho mhuri wake ungali unasomeka aupige picha kabla hatujakutana tena, mwanga ukitoka ubavuni, kisha akipanguse kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, akiache kama kilivyo.