Joto la Machi Hupangwa Agosti

Siku ya soko, mteuzi wa tumbaku anaposimama mbele ya belo kwenye ghala la chama cha msingi, hapimi jembe wala mbolea. Anatazama rangi ya jani, anapapasa ulaini wake, anataja daraja, na hilo daraja ndilo bei. Kwa tumbaku ya mvuke, inayolimwa Mpanda, Nsimbo, Mlele na Tanganyika mkoani Katavi, rangi hiyo haivunwi shambani. Inatengenezwa ndani ya bani, nyumba ya kukaushia, kwa siku tano hadi saba, na sehemu kubwa ya makosa yanayoishusha ni ya joto: limepanda haraka, limeanguka usiku wa manane, au limebaki palepale saa ambayo lilipaswa kusogea.

Rangi ikiharibika, wengi husema moto ulikuwa mdogo, na msimu unaofuata wanaongeza kuni. Mimi naona kinyume. Bani linalohitaji moto mkubwa kila saa ni bani lililoshindwa kazi yake. Joto tulivu hutoka kwenye ukuta na paa, kwenye matundu ya hewa, kwenye ukavu wa kuni na kwenye vipimajoto viwili. Moto wenyewe uwe kitu cha mwisho kuguswa. Na vyote hivyo ni nafuu kuliko anachopoteza mkulima kwa belo zinazoshuka daraja kila msimu.

Tuanze na jani lenyewe, maana ndilo linaloamuru. Jani la tumbaku linapotundikwa kwenye fito bado liko hai. Siku mbili au tatu za kwanza kazi si kulikausha. Kazi ni kuliacha life polepole. Kwenye nyuzi joto 32 hadi 38, hewa ikiwa imejaa unyevu, vimeng'enya vya jani huvunja rangi ya kijani na kugeuza wanga kuwa sukari, na bani zima likawa manjano. Ukiwasha moto mkali siku ya kwanza, jani linakauka kabla ya kumaliza kazi hiyo na kijani kinabaki humo milele. Hakuna dawa yake baadaye.

Manjano ikishakamilika, mambo yanageuka ghafla. Vimeng'enya vingine vinaanza kulipeleka jani kwenye rangi ya udongo na kahawia, na njia pekee ya kuvizuia ni kuondoa maji. Hapo joto linapandishwa taratibu, kama nyuzi moja kwa saa, kuelekea 50 na kitu, hadi ubapa wa jani ukauke. Kisha linasukumwa hadi karibu 70 ili uti wa jani, ambao ni mnene na unashikilia maji, nao ukauke kabisa. Likivuka 75 sukari inaanza kuungua na jani linaingia wekundu. Likishuka sana wakati uti bado una maji, maji hayo hurudi kwenye ubapa uliokwisha kukauka na kuchora michirizi myeusi pande mbili za uti. Kila mkulima wa Katavi ameiona michirizi hiyo. Wengi wanaidhania ugonjwa wa shambani.

Ufundi huu ulianza kwa mtu aliyelinda moto usiku. Mwaka 1839, katika wilaya ya Caswell, North Carolina, Marekani, kijana mtumwa aliyeitwa Stephen, mfua vyuma kwenye shamba la Abisha Slade, alipitiwa na usingizi akiwa zamu kwenye bani. Alipozinduka moto ulikuwa karibu kuzima. Alikimbilia makaa ya kalibu yake, akayatupa juu ya majivu, joto kavu likapanda, na tumbaku ikatoka na manjano iliyokolea ambayo wanunuzi waliigombania. Baadaye zikaja njia za kupitisha moshi kwenye mabomba ili usiguse jani, na hapo ndipo aina hii ya ukaushaji ilipopata umbo tunalolijua. Stephen hakupata chochote kutokana na utajiri uliofuata. Namtaja kwa sababu mkaa wake ulifanya kitu ambacho kuni zake zenye moshi hazikuwa zimefanya: ulitoa joto safi, kavu, lisiloyumba.

Sasa hesabu ya kuni. Chukua bani linalotoa kilo 200 za tumbaku kavu. Jani bichi ni maji kwa asilimia 80 hadi 85, kwa hiyo takriban kilo 1,000 za maji lazima zitoke kupitia paa. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji megajuli 2.4 hivi, kwa hiyo jumla ni megajuli 2,400. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina kama megajuli 14. Ukigawanya unapata kilo 170 hivi za kuni, chini ya kilo moja kwa kila kilo ya tumbaku. Hakuna bani duniani linalofika hapo, kwa sababu ukuta, paa na dohani lazima vichukue sehemu yao. Lakini bani la kizamani lisilotunzwa hula mara kumi ya hapo bila kumshangaza mtu. Ile tofauti yote ni joto lililonunuliwa kwa jasho, likapita bila kugusa jani.

Linapitia wapi? Kwanza juu. Hewa moto hupanda, na paa la bati tupu au la nyasi lililolegea linaiachia yote. Dari ya fito zilizopangwa na kukandikwa udongo, chini ya paa lenyewe, na mlango mdogo wa hewa unaofungwa na kufunguliwa kwa kamba kutoka nje, ni kazi ya siku chache isiyohitaji duka. Pili kwenye nyufa. Ukuta wa tofali za udongo mbichi si duni kama wengi wanavyoamini. Ukiwa mnene, hunywa joto mchana na kulirudisha taratibu moto unapopungua, na hiyo ndiyo sababu bani la udongo lililozibwa vizuri hulala usiku bila kuanguka nyuzi nyingi, wakati la mabati huanguka ndani ya saa moja. Sioni haja ya kuchoma tofali kwa kuni ili kujenga bani la kuokoa kuni. Udongo wa kichuguu, ambao Katavi haina uhaba nao, ukikandwa na mchanga na majivu hushika vizuri na haupasuki upesi. Uzibe kila msimu kabla ya mvuno. Njia rahisi ya kuzipata nyufa ni kuwasha majani mabichi ndani ya bani tupu na kuzunguka nje ukitazama moshi unatokea wapi.

Tatu ni dohani. Tanuru la zamani ni shimo lenye mdomo wazi, gogo zima limeingizwa nusu, nusu iko nje, linasukumwa kadiri linavyoungua. Mdomo ule wazi unavuta hewa baridi nyingi kuliko moto unavyohitaji, na hewa hiyo inapashwa joto kisha inapelekwa moja kwa moja angani. Gogo lenyewe linawaka kwa mawimbi: saa moja linafuka, saa inayofuata linalipuka. Huwezi kupata joto tulivu kutoka kwenye gogo la namna hiyo, hata ukilala mlangoni.

Hapa ndipo bani la roketi linapostahili heshima yake. Kanuni yake ni ya jiko la roketi, iliyopangwa na Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho huko Oregon, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980: chumba kidogo cha moto kilichozungukwa na kitu kinachozuia joto lisitoroke, kuni nyembamba, hewa inayoingia kutoka chini. Malawi ikaanza kuliingiza wazo hilo kwenye mabani ya tumbaku miaka ya 2000, na kutoka huko likaenea nchi jirani. Moto wa kuni nyembamba kwenye chumba chenye joto kali huunguza hata moshi wake, kwa hiyo masizi hayagandi ndani ya mabomba. Masizi ni blanketi. Bomba lililovaa masizi haliachii joto ndani ya bani, linalisindikiza hadi nje.

Asiyeweza kujenga la roketi msimu huu bado anaweza kufanya mambo matatu kwenye tanuru alilonalo: kipande cha bati kiwe mlango wa mdomo wa tanuru, chenye tundu dogo chini, kipande kingine kiwe kizibo kinachozunguka kwenye dohani, na chuma chakavu kilazwe kama kichanja ili kuni zisilale kwenye majivu yake. Aweke na wavu wa waya juu ya mabomba. Jani kavu likidondoka kwenye bomba la moto, bani zima huungua na mavuno ya wiki nzima yakaenda nalo.

Sehemu ambayo naiona imeachwa nyuma kuliko zote ni matundu ya hewa na kipimajoto, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Kipimajoto kimoja kinakwambia hewa ina joto gani. Hakikwambii jani lina joto gani, na jani lenye maji halina joto la hewa. Linapozwa na maji yanayotoka. Chukua kipimajoto cha pili cha aina ileile, kivike kitambaa safi cha pamba kwenye ncha, mkia wa kitambaa uwe ndani ya kopo la maji. Hicho chenye unyevu ndicho kinachosoma karibu na joto la jani. Vining'inize pamoja katikati ya bani, kwenye usawa wa safu ya chini ya majani, mbali na mlango na si juu ya bomba.

Vikisomeka karibu sawa, tofauti nyuzi moja au mbili, hewa imeshiba unyevu: ndivyo inavyotakiwa wakati wa manjano, na matundu yafungwe. Wakati wa kukausha ubapa, kile chenye unyevu kisipite nyuzi 40 au 41. Kikipita hapo, jani linapikwa badala ya kukaushwa, na dawa ni kufungua matundu ya chini na ya juu, si kupunguza moto. Watu wengi hapo hutoa kuni, joto linaanguka, unyevu unabaki ndani, na jani linakuwa kahawia. Halafu siku za mwisho, maji yamebaki kwenye uti tu, matundu hayana tena kazi kubwa. Yafungwe kidogo kidogo. Kupasha bani hadi 70 huku matundu yako wazi kama siku ya tatu ni kupasha joto anga la Mpanda.

Nasisitiza usiku kwa sababu usiku una gharama isiyoandikwa. Bani lisilotulia hulindwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mke wa mkulima au kijana anayepaswa kuwa darasani asubuhi. Bani lililozibwa, lenye kizibo na kuni kavu nyembamba, linaweza kuachwa kwa saa kadhaa. Usingizi huo ni sehemu ya faida, na nashangaa kwamba hesabu za uzalishaji hazijawahi kuupa nafasi.

Lakini yote haya yanasimama juu ya kuni kavu, na kuni kavu hazipatikani Machi. Mvua ya Katavi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na kuchuma na kukausha kunaangukia katikati yake. Kuni iliyokatwa wiki hiyo ni nusu maji: kilo moja inatoa kama megajuli 8 badala ya 14, na ule moshi mzito unaoupata ni nishati nyingine iliyokataa kuwaka. Ndiyo maana naamini uamuzi mkubwa wa ukaushaji unafanyika Juni hadi Agosti, wakati vitalu ndiyo kwanza vinaandaliwa na hakuna anayefikiria bani.

Kuna sababu za kihistoria kwa nini mipango ya mbali ya kuni ilikuwa migumu katika sehemu za mkoa huu. Makazi ya Katumba, yaliyoanzishwa baada ya wakimbizi wa Burundi kuingia mwaka 1972, na ya Mishamo yaliyofuata mwaka 1978, yakawa maeneo ya kilimo, tumbaku ikiwemo. Baada ya mwaka 2007 wakazi waliishi wakisubiri uraia huku wakiambiwa watahamishiwa mikoa mingine, na vyeti vya uraia vikaanza kutolewa mwaka 2014. Mkaratusi unahitaji miaka mitano au zaidi ili uwe kuni. Sioni mtu angeupandaje akiwa na barua ya kuhama mfukoni. Sasa hofu hiyo imepungua, na mti uliosimama umepata bei yake: katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vinavyozunguka misitu ya Ntakata hulipwa kwa kuuza hewa ya ukaa kupitia kampuni ya Carbon Tanzania. Mti wa mtundu uliokatwa ovyo kwa ajili ya bani si wa bure tena.

Kwa shamba la miti, utafiti uliofanyika Tumbi, Tabora, tangu miaka ya 1990 uliionyesha Acacia crassicarpa kuwa inakua haraka kwenye udongo wa kichanga unaofanana na wetu. Mikaratusi nayo inafaa, ila ipasuliwe ikiwa mbichi, kwa sababu ikikauka nzima shoka halipenyi. Vipande viwe na unene wa kifundo cha mkono. Virundikwe juu ya magogo mawili ili mchwa wasivifikie, upande mmoja ukiwa umekabili upepo wa kiangazi, na paa la nyasi liwekwe juu yake kabla ya Oktoba kwisha. Kipande kilichokauka hupasuka kwenye ncha, na ukigonga viwili hulia kwa sauti kali. Kinachotoa sauti nzito bado kina maji, na kirudi kwenye rundo.