Epiousios na Riziki: Kivumishi cha Kigiriki katika Sala ya Bwana na Uamuzi wa Mfasiri wa Kiswahili

Sala ya Bwana ina kivumishi kimoja cha Kigiriki ambacho wataalamu hawajaafikiana kuhusu maana yake: epiousios. Kivumishi hicho huuelezea mkate unaoombwa katika Mathayo 6:11 na Luka 11:3, na hupatikana pia katika Didakhe, inayoikariri sala hiyo. Katika karne ya 3, Origen, msemaji wa Kigiriki, alieleza kwamba neno hilo halikutumiwa na waandishi wala na watu wa kawaida, akakisia kuwa liliundwa na Wainjili wenyewe. Orodha ya matumizi iliyoandikwa kwenye mafunjo ya Misri, na kuchapishwa mwaka 1889, ilidhaniwa kuwa nalo. Mafunjo hayo yaliposomwa upya mwishoni mwa karne ya 20, ilibainika kuwa halimo.

Kwa kukosa muktadha mwingine, wafasiri wametegemea etimolojia. Wapo wanaoligawa neno kuwa epi na ousia, yaani mkate wa lazima kwa uhai, au unaopita asili ya vitu. Wengine hulihusisha na siku iliyopo. Kundi la tatu hulinyambua kutokana na epienai, 'kuja', ambalo ndilo chimbuko la epiousa, 'siku inayofuata', katika Matendo 16:11. Maelezo haya ya mwisho yana nguvu ya kifonolojia, kwani kwa kawaida irabu ya mwisho ya epi hudondoshwa mbele ya irabu nyingine. Jerome mwenyewe alisitasita: katika Vulgata alitumia supersubstantialis kwa Mathayo na cotidianus kwa Luka, ilhali Kigiriki ni kilekile.

Wafasiri wa Kiswahili nao walilazimika kuamua. Sala ya Wakatoliki imefuata mapokeo ya Kilatini: mkate wa kila siku. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 imeweka riziki, bila kivumishi. Mhakiki wa haraka angesema neno limeachwa. Hoja hiyo haitoshi. Riziki, neno lenye asili ya Kiarabu, hubeba ndani yake mgawaji, fungu na kadiri. Ndiyo maana Waswahili husema riziki ni mafungu saba. Maana hiyo inakaribiana na mkate wa fungu katika Mithali 30:8 na mana iliyokusanywa kwa kipimo katika Kutoka 16. Aidha, Luka ana kirai kingine, to kath' hemeran, chenye maana ya 'kila siku'. Epiousios ikifasiriwa hivyohivyo, Luka ataonekana kujirudia. Riziki inaepuka kasoro hiyo.

Hata hivyo, faida hiyo ina gharama. Mkate umetoweka, na pamoja nao uhusiano na artos ya Karamu ya Mwisho katika Mathayo 26:26. Kesho nayo imefutwa, ingawa mvutano kati ya kuiombea kesho na kutoisumbukia (Mathayo 6:34) ni sehemu ya fumbo lenyewe. Zaidi ya hayo, riziki ni neno la kawaida mno: msomaji hapati ishara yoyote kwamba Kigiriki chenyewe hapa ni kigeni hata kwa Wagiriki. Kwa hiyo, riziki inastahili kubaki katika matini, lakini toleo la kitaaluma lisilotaja epiousios pembeni humnyima msomaji wa Kiswahili haki ya kuupima uamuzi uliofanywa kwa niaba yake.