Dawa ya Usingizi Iliyowakimbiza Hamsta

Kampala iko karibu mno na ikweta. Mwaka mzima mchana huchukua takriban saa 12, na usiku vivyo hivyo. Maabara nyingi zinazochunguza saa ya mwili huwasha taa kwa saa 12 na kuzizima kwa saa 12 ili kupata kile ambacho hapa hutolewa na jua. Na katika nyasi za Uganda anaishi panya ambaye, kwa maoni yangu, ndiye anayefaa kuulizwa swali ambalo hamsta wa maabara walilijibu nusu tu: dawa ya usingizi inaposogeza saa ya mwili, inayoisogeza ni dawa yenyewe, au ni kile ambacho dawa inamfanya mnyama akifanye?

Tuanze na kipimo, maana kazi yote imesimama hapo. Hamsta huwekwa peke yake katika kizimba chenye gurudumu la kukimbilia, kwenye giza la kudumu au mwanga usiobadilika, asipate dalili yoyote ya mchana wala usiku. Kila gurudumu linapozunguka, swichi huandika alama. Hata bila jua, hamsta huanza mbio zake kila siku kwa mpangilio ambao mtafiti anaweza kuutabiri kwa dakika. Alama za siku zikipangwa mstari chini ya mstari, mianzo ya mbio hujichora kama ukingo ulionyooka. Mnyama hupewa dawa mara moja tu, kisha huachwa. Siku zinazofuata ukingo ukiwa umeruka, umbali wa mruko ndio kiasi ambacho saa imesogea. Mwanzo wa mbio huhesabiwa kuwa saa kumi na mbili, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili, anayehesabu saa tangu mapambazuko, yuko nyumbani: saa sita ni adhuhuri ya hamsta, wakati amelala fofofo.

Mwaka 1986, Fred Turek na Susan Losee-Olson walionyesha katika jarida la Nature kwamba sindano moja ya triazolamu, dawa ya usingizi ya jamii ya benzodiazepini, ikitolewa saa sita hiyo huisukuma saa mbele. Ikitolewa usiku wa manane kuelekea alfajiri, huirudisha nyuma. Maelezo ya haraka yalikuwapo. Dawa hizi huipa nguvu GABA, kemikali ya ubongo inayotuliza neva, na neva nyingi za kiini cha saa, yaani sehemu ya ubongo inayoiendesha saa ya mwili, huitumia kemikali hiyohiyo. Lakini dozi ilikuwa miligramu 2.5, mara 10 ya kidonge cha mtu mzima cha miligramu 0.25, kwa mnyama wa gramu mia na ushei. Tena hamsta hawakulala. Waliamka wakahangaika huku na huku.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mwaka 1987 Nicholas Mrosovsky na Peggy Salmon, wa Toronto, waliwaweka hamsta katika gurudumu jipya kwa saa tatu, bila dawa yoyote, na wanyama hao wakaizoea ratiba ya mwanga iliyosogezwa kwa saa 8 upesi kuliko wenzao. Kukimbia peke yake kulitosha. Ndipo mwaka 1989 Olivier Van Reeth na Turek wakafanya jaribio ninaloliheshimu kuliko yote: waliwapa hamsta triazolamu na kuwazuia wasitembee. Saa haikusogea. Mtu aliyekwisha kuchapisha matokeo yenye sifa alirudi kuyapima kwa njia iliyoweza kuyabomoa.

Hata hivyo mlango haukufungwa. Mwaka 1993 Stephany Biello na Mrosovsky walionyesha kwamba klodiazepoksaidi, ndugu wa triazolamu, husogeza saa bila kuongeza mwendo wa mnyama. Njia ni zaidi ya moja.

Sasa panya wetu wa nyasi, Arvicanthis niloticus. Yeye huhangaika mchana na kulala usiku, kama sisi. Laura Smale wa Chuo Kikuu cha Michigan State alijenga kundi la maabara kutokana na panya waliokamatwa Maasai Mara, Kenya, mwaka 1993. Mwaka 2004 Colleen Novak na Elliott Albers waliingiza muskimoli, kemikali inayoiga GABA, moja kwa moja katika kiini cha saa cha panya hao wakati wa mchana wao. Kwa wanyama wa usiku kitendo hicho huisukuma saa mbele; kwa hawa kiliirudisha nyuma, tena kwa kiasi kikubwa. Na gurudumu nalo lina hila: baadhi ya panya hawa wakipewa gurudumu hugeuka wakawa wa usiku, kwa hiyo kifaa cha kupimia kinabadilisha kinachopimwa.

Askari wa lindo anayerudi nyumbani asubuhi na kumeza kidonge ili alale adhuhuri ni kiumbe wa mchana. Mchoro wa hamsta hauwezi kumwambia saa ya mwili wake itaelekea wapi. Jaribio linalomhusu lingetumia panya wa nyasi, dawa kwa kinywa katika dozi iliyokadiriwa kwa uzito, na vihisi vya mwendo badala ya gurudumu. Lingekuwa na makundi manne: waliopewa dawa na kuachwa huru, waliopewa dawa na kuzuiwa, waliozuiwa bila dawa, na wasioguswa kabisa. Kundi la tatu lisikosekane, kwa sababu kumbana mnyama humtia hofu, na hofu nayo inaweza kuigusa saa.